Sahani Aliyoirudisha Bi Azmina

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2014, Bi Azmina Jalaludin anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Safari Pana kwa miaka ishirini na sita, yote katika tawi la Thorncliffe Park. Alianza mwaka 1988 akiwa mpiga chapa, na anaondoka akiwa mkuu wa dawati la safari za wazee. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa kazini, hakuwahi kunyamaza, na hakuwahi kulikataa neno "haiwezekani" akiwa amesimama. Alilikataa ameketi. Kwa nini ameketi, nitaeleza.

Makao makuu yameniagiza niandike maneno machache yenye furaha. Furaha ninayo, maana nimefanya kazi meza moja na mama huyu tangu nilipotua Toronto kutoka Kisumu. Lakini hasira ninayo vilevile, na kwa kuwa jarida letu la wafanyakazi lina ukurasa wa lugha za nyumbani, na toleo hili zamu ni ya Kiswahili, nitazitoa zote mbili. Wakubwa wakitaka kujua nimesema nini, watafute wa kuwasomea.

Hasira yangu inahusu chakula. Mwezi huu Idara ya Watumishi ilitangaza kwamba kwenye hafla ya kumuaga Bi Azmina kutakuwa na wali wa manjano, mchuzi wa kuku na mchuzi wa dengu. Wali ni mzuri. Mchuzi ni mzuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye hafla anataka kula nini. Waliliangalia jina lake, wakaangalia picha yake, wakapiga simu kwa mpishi. Mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kugombana na dunia ili wazee wapewe walichoomba, ndiye huyo anaagwa kwa kitu ambacho hakukiomba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Huko juu naona wameamua kwamba kuuliza ni gharama.

Kwa wale wa matawi mengine wasiomjua vizuri: Bi Azmina alizaliwa Mwanza mwaka 1949 na kusoma papo hapo, kwenye shule ambayo enzi hizo ilisimamiwa na Waingereza. Alifika Toronto mwaka 1974, katikati ya majira ya baridi, na koti lake likiwa la mvua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwandani, mtaa wa Spadina, akishona mifuko ya makoti ambayo yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuyanunua. Baadaye alijifunza kupiga chapa jioni baada ya kazi, na hivyo ndivyo alivyotufikia sisi.

Dawati la safari za wazee alilianzisha yeye. Aliona watoto wanawakatia wazazi wao tiketi, wanawabusu uwanja wa ndege, halafu wazee wanahangaika njiani peke yao, hawajui choo kiko wapi wala nyama ipi ni halali. Akamwambia Kazim, meneja wetu wa tawi, kwamba kuanzia sasa wazee watasafiri kwa makundi na yeye atakwenda nao. Kazim alisema atalifikiria jambo hilo. Bi Azmina alikuwa ameshawaandikisha watu.

Sasa habari ya kuketi. Mwaka wangu wa kwanza ofisini, shirika moja la ndege lilipoteza sanduku la Bi Malek, mjane mmoja wa Pickering, na ndani yake mlikuwa na dawa zake. Wahudumu walisema watampigia simu kesho. Bi Azmina alirudi nyumbani, akachukua kiti cha kukunja cha barazani kwake, kile cha mabomba ya alumini na mistari ya kijani, akakifungua mbele ya kaunta yao pale uwanja wa ndege, akaketi na chupa yake ya chai. Hakupiga kelele. Alimsalimu kila abiria aliyepita na kumwuliza kama amesafiri salama, na kila aliyeuliza kulikoni alielezwa. Sanduku lilionekana kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo kiti kile huegemea nyuma ya mlango wa ofisi yetu, na Kazim akiingia asikikute mahali pake huanza kusoma dua.

Kiti hicho kilisafiri hadi baharini pia, na hapo ndipo nataka niwapeleke.

Ilikuwa Septemba 2007. Kundi letu la wazee, nami nikiwa nimefuatana nao kumsaidia Bi Azmina, lilipanda meli pale Quebec, kwenda kuona majani yanayogeuka mekundu kabla ya baridi na kuteremka pwani hadi Boston. Meli ilikuwa ya Kiingereza tangu mlingoti hadi vijiko. Bi Azmina aliichagua kwa sababu moja tu: chakula. Wazee wake walikuwa wamechoka kuulizwa na wajukuu kwa nini wanapenda vitu vya ajabu. Walitaka soseji na maharage ya kopo asubuhi. Walitaka samaki na chipsi zenye siki, pudingi ya mkate, kastadi ya moto iliyomwagwa juu ya ndizi. Na kuliko vyote walitaka pai ya kima, yaani nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi vya kuponda na kuokwa hadi juu ikawa kahawia. Hicho kilikuwa chakula cha shule huko Mwanza, walikokulia wengi wao, kisha kikawa chakula cha Jumamosi nyumbani, wakati ndugu wote bado waliishi mji mmoja. Mchuzi walikuwa nao kila siku kwenye majiko yao ya Thorncliffe. Pai, mara nyingi, aliyejua kuipika alikuwa ameshafariki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Sadrudin. Mkewe, Bi Shafina, alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Mzee alikuwa amekonda hadi saa inamzunguka mkononi, na watoto wake walimlipia safari ili abadilishe hewa. Alipokuja dawatini kuchukua tiketi hakuuliza habari ya bahari wala ya majani mekundu. Aliuliza kama kutakuwa na pai. Bi Azmina akamjibu mbele yangu, "Mzee, pai utakula. Nimeshasema." Ukimjua Bi Azmina, unajua kwamba hapo alikuwa amejifunga kitanzi.

Jioni ya kwanza tuliketi, tukafunua vitambaa, tukaletewa mchuzi wa manjano. Meza zote zilizotuzunguka zilikuwa na pai, inatoa moshi, naiona kwa macho yangu. Bi Azmina alimwita msimamizi wa ukumbi, kijana mtanashati mwenye tabasamu la kulipwa, akamkumbusha kwamba aliomba nyama halali na chakula cha Kiingereza, na kwamba meli ilikubali yote mawili. Kijana akaeleza kwa upole kwamba nyama halali wanayo, tena ya kondoo, lakini imetengwa kwa ajili ya chakula cha Kiasia. Yaani kondoo akichinjwa kwa Bismillahi, hawezi tena kupikwa bila manjano! Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau hadi leo: "Tulidhani mtajisikia nyumbani."

Nyumbani! Bi Malek, ambaye hajawahi kumkosea mtu adabu, aliweka uma chini. Mzee Sadrudin aliisogeza sahani yake pembeni, akaomba tosti. Jioni ya pili mambo yakawa yale yale, na mzee akala tosti tena. Mimi binafsi damu ilikuwa inachemka. Hawa ni watu waliokaririshwa mito ya Uingereza darasani hadi wakaiota, wakavalishwa soksi ndefu kwenye joto la Mwanza, wakalishwa viazi vya kuponda wapende wasipende. Sasa wameshavipenda, wanaambiwa si vyao.

Siku ya tatu Bi Azmina alifungua kiti chake mbele ya mlango wa jiko.

Wahudumu walilazimika kumzunguka na sinia zao. Aliwapa pole kila mmoja, akawauliza wametoka wapi na wameacha watoto wangapi. Kufika alasiri nusu ya wapishi walikuwa upande wake, na msimamizi wa ukumbi, tabasamu limemwisha, akatangaza kwamba jioni hiyo kundi letu litapikiwa pai ya kondoo halali. Wazee walivaa vizuri kuliko siku zote. Mzee Sadrudin alifunga tai.

Pai ikaja. Ilikuwa ya kupendeza, imepigwa mistari kwa uma juu kama ilivyo desturi. Bi Azmina alionja wa kwanza, maana yeye ndiye aliyeipigania, na meza nzima tukamtazama mdomoni. Akatafuna. Akasimamisha kijiko. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, "Hii siyo."

Sahani ikarudishwa jikoni. Ujumbe aliotumwa mhudumu ulikuwa kwamba mpishi amesahau pilipili mbichi, amesahau bizari nzima, na hakukamulia ndimu. Ikaja ya pili, imenyunyiziwa pilipili manga kwa woga. Nayo ikarudi. Wazee walikuwa wote pamoja naye, wakitikisa vichwa kwa masikitiko kwamba hata Waingereza siku hizi wanalipua kazi. Narudia ili ieleweke: hakuna hata mmoja kwenye meza ile aliyekuwa anatania. Walikuwa wamekula pai yenye pilipili na ndimu tangu utotoni, mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo ndiyo ya Kiingereza. Hii nyingine ilikuwa uzembe.

Ya tatu aliileta mpishi mkuu mwenyewe, bwana mkubwa kutoka kaskazini mwa Uingereza, masikio yamemwiva. Alisema kwamba pai hiyo ni ya bibi yake, na kwamba tangu dunia iumbwe hakuna Mwingereza aliyetia pilipili mbichi kwenye pai. Bi Azmina aliinuka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akigomba amesimama, akamwambia, "Basi huko kwenu mmeisahau. Sisi tulifundishwa na wenyewe."

Nilitamani sakafu ipasuke. Na hapo ndipo Mzee Sadrudin, aliyekuwa hajasema maneno kumi tangu Quebec, alipoanza kucheka.

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatueleza. Yeye alisoma shule ile ile aliyosoma Bi Azmina, miaka mingi kabla yake, na kwa utundu wake aliadhibiwa mara kwa mara kumenya viazi jikoni. Mwalimu mmoja Mwingereza alikuwa akisimama hapo kusimamia, akielekeza kila kitu: kima, kitunguu, chumvi, basi. Akishatoka tu, Mzee Masanja, mpishi wa shule, alikuwa akivuta kikapu chake kutoka chini ya meza. Pilipili, bizari, ndimu. Siku moja alimwambia Sadrudin kwamba hawezi kuwapa watoto wa watu chakula cha mgonjwa. "Sikuwahi kumchongea," Mzee Sadrudin akatuambia. "Angefukuzwa. Tukakaa na siri yetu, na nyinyi mliokuja nyuma mkadhani ni Uingereza."

Bi Azmina aliketi polepole. Wazee wakatazamana. Ni kitu kigumu kuambiwa uzeeni kwamba chakula ulichokipigania siku tatu hakikuwa cha uliyemgombeza, kilikuwa cha mpishi wa Kisukuma aliyekataa kutii. Nilidhani watafadhaika. Badala yake Bi Malek alifungua pochi yake, akatoa kikopo cha filamu ya kamera, na ndani yake mlikuwa na pilipili ya kusaga. Kuona hivyo, pochi zote zikafunguka. Ambaye hajasafiri na kina mama wetu hajui kwamba hawavuki hata mto bila akiba yao. Ilitoka achari ya embe, ikatoka bizari iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha ya kufunikia vyakula, zikatoka ndimu, na mmoja alikuwa na pilipili mbichi ndani ya soksi safi ya mjukuu. Viazi vilifunuliwa, vitu vikatiwa, viazi vikarudishwa. Sahani ikapitishwa hadi kwa Mzee Sadrudin.

Alikula. Alikula taratibu, akamaliza, akakwangua pembe za sahani kwa kijiko, akaomba nyingine. Alisema ya Shafina ilikuwa na ndimu zaidi. Sisi wengine tukaanza kula, kwa sababu kumwangalia kulikuwa kunatutoa machozi na pai ilikuwa inapoa.

Mpishi mkuu alionja akiwa amesimama. Hakuomba radhi na hatukutegemea. Lakini jioni iliyofuata pai ililetwa na vipande vya ndimu pembeni na pilipili zilizokatwakatwa kwenye kibakuli, na hakuna aliyetuletea mchuzi tena hadi Boston.

Mnajua kampuni ilifanya nini tuliporudi? Meli ilituma lalamiko kwamba kiongozi wetu wa msafara alizuia mlango wa jiko, na makao makuu yakampa Bi Azmina onyo kali. Onyo! Wazee walijaa ofisini wiki hiyo kusema ahsante, wakaleta keki, wakaleta majirani zao wajiandikishe kwa mwaka unaofuata. Hakuna aliyetoka makao makuu kuja kuona. Kazim, kwa heshima yake, aliliweka lile onyo chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na meza imetulia tangu siku hiyo.

Bi Azmina mwenyewe, niseme ukweli, hajakubali hadi leo kwamba alikosea. Ukimkumbusha habari ya Mzee Masanja anakubali yote, anamrehemu, kisha anasema hata hivyo Waingereza wangekuwa na akili wangeiga. Ukibisha anakuhamishia mazungumzo kwenye Kiswahili chako. "Onyango mwanangu, kwanza Kiswahili chako kinachechemea, kinyooshe ndipo tubishane." Miaka yote hii amenisahihisha mbele ya wateja, na ukurasa huu najua atausoma na kalamu nyekundu mkononi.

Siku hizi abiria wetu wanajiandikisha kwenye kompyuta. Kuna mahali pa kuchagua chakula, na ukishaweka jina kama Jalaludin au Hasham, kompyuta yenyewe inakuchagulia mlo wa Kiasia. Bi Azmina alilikataa jambo hilo kwenye kila kikao tangu mwaka 2011, na kila kikao aliambiwa limepokelewa. Alikuwa akiwapigia wazee wake mmoja mmoja kuwauliza wanataka kula nini, halafu anaingia kwenye kompyuta kurekebisha. Sijui nani atafanya hivyo Jumatatu. Ndiyo, najua. Nitafanya mimi.

Sasa nirudi kwenye hafla. Nilipopiga simu makao makuu kuuliza nani aliamua kuhusu wali na mchuzi, nilijibiwa na dada mmoja mpole sana, wala simlaumu yeye, aliyekaririshwa tu. Akaniambia, "Tulidhani atajisikia nyumbani."

Maneno yale yale. Nilikata simu, nikaenda nyuma ya mlango, nikakichukua kiti. Nilikipakia kwenye basi, nikateremka nacho kwenye treni ya chini ya ardhi, watu wananiangalia, hadi mjini. Nikakifungua katikati ya ukumbi wa mapokezi wa makao makuu, kwenye zile marumaru zao, nikaketi na chupa ya chai. Nilimsalimu kila aliyepita. Walioniuliza kulikoni niliwaeleza. Chai ilinimwagikia kwenye suruali, na hapo ndipo nilipoelewa mama huyu alikuwa akifanya kitu gani miaka yote hiyo, na chai yake haimwagiki. Kabla ya saa za kazi kuisha mkurugenzi alishuka, akaniuliza ninataka nini. Nilimwambia sitaki kitu. Aulizwe Bi Azmina anataka nini.

Akapigiwa simu, akaulizwa. Kazim alikuwa karibu yake, anasema aliomba swali lirudiwe. Kisha akajibu.

Kwa hiyo, wenzangu mlioketi ukumbini na karatasi hii mkononi, msishangae mkiona masinia yale chini ya karatasi ya fedha, wala msitafute wali. Aliyepika ni Mzee Sadrudin, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu na shavu limejaa. Alijifunza baada ya safari ile, na jana alizikopa oveni za majirani wa ghorofa yake nzima. Nyama ni halali. Kastadi iko kwenye chupa za chai ili isipoe.

Bi Azmina, tunakushukuru kwa kila mlango uliouzuia kwa ajili yetu. Mungu akupe siha, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wasiobishana nawe. Kiti kitabaki nyuma ya mlango, pole, hicho hatukupi. Wewe leo kalia cha ukumbini, cha mgeni wa heshima, na subiri uletewe. Ikiwa ndimu haijatosha, irudishe.